Fundi Aliyegonga Kaboni

Pale Gitothua, ukiacha lami na kushuka kuelekea mashamba ya kahawa, kuna kibanda cha mabati kisichoandikwa jina. Hakijawahi kuhitaji jina. Ungemuuliza mtu yeyote anayepanda baiskeli za milimani kati ya Ruiru na Thika ni wapi fremu ya kaboni hupimwa, angekuambia nenda kwa Wambua, atakugongea.

Wambua alikuwa na miaka sitini na mmoja, mtu mwembamba, mpole wa maneno, mwenye mikono mikubwa utadhani ameiazima kwa mtu mwingine. Alitoka Machakos akiwa kijana, akaajiriwa Thika katika kiwanda cha kukata vyuma, na humo akakaa miaka kumi na tisa katikati ya misumeno iliyolia kuanzia asubuhi hadi king'ora cha jioni. Hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio. Wachache waliojitia pamba walichekwa mpaka wakaitoa. Kiwanda kilipofungwa, alihamia Ruiru na mkewe Mukonyo, akaanza kuziba pancha za wauza maziwa.

Halafu vijana wakaanza kupanda baiskeli kwa kupenda tu. Jumapili baada ya kanisa ungewaona wakipita katikati ya mashamba ya kahawa, wakielekea Theta kwenye vijia vya mawe, wamevaa helmeti, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Na kwa sababu fremu mpya za kaboni hazikuwa za watu wa kawaida, walinunua za mitumba zilizokuja kwa kontena kutoka ng'ambo, zikauzwa Thika. Hapo ndipo Wambua alipopata jina.

Aluminiamu haina siri. Ikipata ufa, rangi hupasuka, na mwenye macho ataona. Kaboni ni tofauti. Ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, na inaweza kuachana ndani huku nje inang'aa kama siku ya kwanza. Mtu akinunua fremu ya kaboni iliyotumika, ananunua maisha ya mtu mwingine asiyemjua, na maanguko yake yote. Wambua alikuwa akichukua sarafu ya shilingi ishirini, anainamisha kichwa, anaanza kugonga kutoka shingo ya fremu hadi mkia, kidole kwa kidole. Fremu nzima hujibu kwa sauti nyembamba, kali, kama kijiko kwenye glasi. Iliyoumia hujibu kama mti mbichi. Akimaliza alitoa neno moja kati ya mawili. Iko hai. Au imekufa. Hakuna aliyewahi kubishana naye. Kuna watu waliokataa fremu nzuri kwa macho wakalia wakiondoka, na bado hawakubishana.

Mwaka juzi fremu zilianza kufa.

Kwanza ilikufa moja, ya mwalimu wa Juja. Wiki mbili baadaye ikafa nyingine, na nyingine tena. Wambua akadhani kontena lile lilibeba mabaki ya ajali. Lakini ile ya tatu mwenyewe alimwachia pale kibandani, na siku moja kazi ilipokuwa chache, Wambua aliishika jiriwani akaikata kwa msumeno mahali alipopaona pamekufa, ili aone ugonjwa kwa macho yake. Ndani palikuwa safi kama mfupa. Nyuzi zimeshikana, gundi imekaa, hakuna hata alama. Akakata pengine. Safi. Alirudi nyumbani akaketi mezani, akagonga glasi ya chai kwa kijiko, akagonga tena. Kijiko kilimjibu kama mti.

Maneno ya watu aliyasikia bado, wakimtazama. Honi alizisikia. Kilichoondoka ni ile ncha ya juu ya sauti, ile nyembamba, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiitegemea.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Bila kugonga, alikuwa mziba pancha kama wale wengine sita walio kando ya barabara ileile. Akaanza kugonga kwa desturi tu, kichwa kimeinama vilevile, huku macho na vidole vikifanya kazi ambayo sikio liliiacha. Alipapasa, alitafuta mkwaruzo, alimpima muuzaji usoni. Mara nyingi alipatia. Kwa Mwau hakupatia.

Mwau alikuwa kijana wa Theta, mkulima wa nyanya, mcheshi, aliyekuwa akishuka vilima huku akiimba. Alileta fremu nyekundu, Wambua akagonga, akasema iko hai. Miezi miwili baadaye ilikatika chini yake kwenye mteremko wa bwawa, Mwau akavunjika mfupa wa bega. Wenzake walisema ni jiwe. Walipoleta vipande kibandani ili Wambua atoe vifaa vinavyofaa, aligeuza bomba akaona ndani ya mpasuko rangi ya kijivu, na vumbi lililokaa humo muda mrefu. Kidonda kile kilikuwa cha zamani kuliko siku aliyokigonga. Alienda hospitalini na maziwa na ndizi, akaketi kando ya kitanda, akamwambia Mwau pole. Hakusema zaidi ya pole.

Mwaka ukapita. Kisha Alhamisi moja asubuhi akaja Wangeci.

Wangeci aliuza rangi na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi huko Witeithie, na kabla duka halijafunguliwa alikuwa tayari amepanda kilomita thelathini. Wambua alimjua tangu ana fremu ya chuma iliyochomelewa mara mbili. Alikuwa amemtengenezea kila kitu isipokuwa miguu. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi la mtoto.

"Sasa fundi."

"Poa. Magoti yanasemaje?"

"Magoti yako sawa. Ni mgongo unanimaliza." Akafungua blanketi juu ya benchi. Ilikuwa fremu nyeusi ya kaboni, nyepesi hivi kwamba aliinyanyua kwa vidole viwili. "Yule jamaa wa mitumba Thika amenipa mpaka Jumamosi. Nikiiacha, Carolyne, yule mpinzani wangu, anaichukua. Ama nichukue ile mpya ya aluminiamu, bei ni karibu moja. Zote ni haditeli."

Haditeli ni baiskeli ya milimani yenye shoki mbele peke yake. Nyuma hakuna kitu cha kupokea pigo isipokuwa fremu yenyewe na mgongo wa mpandaji, na ndiyo sababu wapandaji hubishana juu ya fremu kama wengine wanavyobishana juu ya siasa. Kaboni humeza mtetemo. Aluminiamu huupitisha wote juu.

"Chukua aluminiamu," Wambua alisema, hata kabla hajaigusa ile nyeusi. "Ni mpya. Haina historia."

"Ni mpya, lakini inapiga mateke kama punda. Mwenye duka aliniazima moja kama hiyo Jumapili nikaijaribu kwa mawe ya Theta, nikarudi natembea kama cucu yangu wa miaka tisini."

"Kwani cucu yako bado anatembea?"

"Anatembea kukuliko wewe, fundi."

Wakacheka. Wambua akatumaini kicheko kingewatoa hapo. Lakini Wangeci aliacha kucheka, akaegemea benchi.

"Nisikize. Mbio za Kilimambogo ni wiki mbili kutoka Jumapili hii. Watatu wa kwanza wanachukuliwa kwa timu, wanalipiwa mazoezi mwaka mzima. Mwaka mzima, fundi, bila kuuza misumari. Niko na miaka ishirini na saba, sitapata hii nafasi tena. Kupanda nitapanda na yoyote. Ni kushuka. Ile mteremko ya mwisho ni mawe matupu, na mgongo wangu unakufanga hapo. Ebu gonga. Ukisema iko hai, naibeba leo."

Wambua alichukua sarafu. Aliinamisha kichwa. Akagonga shingo, akagonga bomba la juu, akashuka, na kila alipogonga alisikia kitu kilekile kizito, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa. Vidole vyake havikupata kosa lolote. Fremu ilikuwa laini, bila mkwaruzo. Lakini na ile nyekundu ilikuwa laini. Akamwona Wangeci kwenye mteremko ule wa mawe, akaona bomba likiachana, akaona lile vumbi la kijivu.

"Iko hai ama imekufa?"

"Imekufa."

"Wapi?"

Hakuwa amefikiria kwamba angeulizwa wapi. Akaweka kidole chini ya bomba la kiti. "Hapa."

Wangeci alipitisha kidole chake mahali pale, polepole. "Haionekani."

"Haiwezi kuonekana. Ndiyo maana tunagonga."

Aliifunga tena kwenye blanketi. Hakulalamika. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia ukweli," akaondoka, na Wambua akabaki ameshika benchi kwa mikono miwili.

Ile baiskeli ya aluminiamu aliyoinunua Wangeci, Wambua aliiunga kama hajawahi kuunga nyingine. Aliitafutia tairi pana la nyuma, akalipunguzia upepo ili limeze mawe kidogo. Akabadilisha nguzo ya kiti. Kila skrubu aliipaka grisi, akaikaza, akailegeza, akaikaza tena. Mukonyo alimletea chakula cha mchana kibandani, akamkuta amepiga magoti, akauliza kama anaunga baiskeli au anasali. Alichukua skrubu nyingine.

Siku ya Kilimambogo hakwenda. Habari zilimfikia Jumapili jioni kwa watu waliopita. Carolyne ameshinda. Wangeci alikuwa wa tatu mpaka juu mlimani, akapitwa mara mbili kwenye mteremko wa mwisho, akawa wa tano.

Jumatatu alikuja mwenyewe, kwa miguu. Hakutoa ile salamu yake ya sasa. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kile kilichotengenezwa kwa kreti ya soda.

"Pole," Wambua alisema.

"Carolyne alipanda ile nyeusi."

Wambua aliweka spana chini.

"Ile uliyosema imekufa. Aliipeleka kwa fundi Githinji kule Thika, akagonga, akasema iko hai. Watu wakabishana pale dukani kwa mitumba, nani aaminiwe kati yenu wawili. Unajua mimi nilifanya nini? Nilimpigia Carolyne simu. Nikamwambia dada, Wambua hajawahi kukosea, usipande hiyo kitu itakuua. Akaniambia wacha wivu." Aliangalia viatu vyake. "Nilikesha usiku kucha nikimwombea. Mbio zote nilikuwa nikimwangalia mbele yangu, nikingoja avunjike. Mtu anashuka na moyo gani hivyo?"

"Wangeci."

"Ngoja. Jana tulipomaliza nilimwomba aniachie niiguse. Nikatoa shilingi nikagonga pale chini ya kiti, mahali uliweka kidole. Mimi sijui kitu, fundi. Na bado nilisikia. Inalia. Inalia kama glasi."

Pikipiki ilipita barabarani. Wambua alingoja ipite, ingawa haikuwa imemzuia kusema.

"Mimi siisikii," alisema. "Tangu mwaka juzi. Hakuna fremu ninayoisikia. Zote zinalia sawa kwangu, kama kuni."

Wangeci alimtazama usoni, kama anayetafuta mahali pa kuweka kidole.

"Kwa hivyo hukujua."

"Sikujua. Niliogopa. Nikaona heri nikose upande huo kuliko upande ule."

"Si ungesema tu chukua aluminiamu."

"Nilisema. Ukaniambia gonga."

"Basi ungesema hugongi." Hakupandisha sauti, na kwa sababu hiyo Wambua alilazimika kumtazama midomo. "Ungesema, Wangeci, masikio yangu yameisha, aluminiamu naijua kwa macho, hii ingine siwezi kukuambia. Ningechagua mwenyewe. Pengine ningechukua hiyo hiyo aluminiamu, juu ya vile nakuamini. Pengine ningeenda kwa Githinji. Pengine ningekuwa wa tano hata na kaboni, Carolyne ana mapafu kuniliko. Lakini sasa sitawahi kujua. Ulinichagulia halafu ukaniambia ni fremu imechagua."

Wambua alifuta grisi mikononi kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Kuna wengine?"

"Kuna watatu niliowakataza fremu nzuri." Aliitazama jiriwa. "Na kuna Mwau. Yeye nilimwambia iko hai."

Wangeci alisimama. Alifunga zipu ya jaketi yake hadi shingoni, akaifungua, akaifunga tena. "Mwau anajua?"

"Hapana."

"Mimi sitamwambia," alisema. "Hiyo si yangu." Akatoka. Baiskeli yake ilipoharibika gia mwezi ule, aliipeleka Thika. Aliwaambia watu ni kwa sababu ya ukaribu, ingawa kila mtu alijua kwamba Thika ilikuwa karibu hata miaka yote aliyokuja kwa Wambua.

Jumatatu ileile Wambua alifunga kibanda kabla ya saa sita. Nyumbani Mukonyo alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Alivuta kigoda akakaa mbele yake, akamweleza yote, kuanzia ile fremu aliyoikata hadi kidole alichokiweka chini ya bomba. Mukonyo aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe mpaka alipomaliza.

"Baba Nduku," alisema, "mimi najua husikii."

"Nani alikuambia?"

"Mimi ndiye napika. Sufuria ile ya firimbi inapiga mpaka jirani anakuja kuuliza kama tuko, na wewe umekaa kando yake unasoma gazeti. Mwaka wa pili huu nakusemesha kwa sauti ya juu. Ulidhani nimekuwa mkali?"

Alidhani hivyo. Alidhani uzee umemfanya mkali, na kwa miaka miwili alimwekea kinyongo kidogo moyoni, kimyakimya, jinsi mume anavyoweza. Akainama akaanza kumsaidia kuchambua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Ni sikio lako." Alipepeta ungo mara mbili. "Lakini hii ya Mwau sikuijua. Hii usilale nayo tena."

Theta si mbali ukikata katikati ya mashamba. Alifika saa tisa, jua likiwa bado kali. Mwau alikuwa kwenye nyanya zake, akifunga miche kwenye vijiti kwa mkono mmoja zaidi kuliko mwingine. Bega la kushoto lilikuwa limekaa chini kidogo, kama nguo iliyotundikwa vibaya. Alipomwona mgeni wake alitabasamu.

"Mzee Wambua. Umekuja kuninunulia nyanya ama umepotea?"

"Nimekuja kwako."

"Basi karibu kivulini. Hakuna kiti, kaa kwa kreti."

Hawakufika kivulini. Wambua alisimama kati ya mistari ya nyanya akayasema akiwa wima, kwa sababu aliogopa kwamba akikaa angepewa maji, na akipewa maji asingeweza kusema. Alisema fremu ile ilikuwa imeumia kabla haijamfikia. Alisema aliigonga na hakusikia kitu, akasema iko hai. Alisema alijua tangu siku alipoona vipande, na kwamba siku ile ya maziwa na ndizi alikuwa anajua.

Mwau alikuwa ameshika kamba ya katani. Aliizungusha kwenye vidole, taratibu, mpaka ikaisha.

"Haikuwa jiwe," alisema.

"Haikuwa jiwe."

"Mimi nilijua haikuwa jiwe. Hapakuwa na jiwe pale. Nilirudi nikaangalia." Aliketi kwenye udongo, palepale. "Nikajua basi ni mimi. Ni breki nilishika vibaya, nilishika ya mbele kwanza, nikaiua mwenyewe. Kila siku nikifunga hizi nyanya narudia ule mkono. Huu. Nilishika lini, nilishika vipi. Wakaniambia nirudi, Wangeci alikuja hapa mara tatu, fundi, na baiskeli ya kuniazima. Nikamwambia mimi sina mkono wa kushuka. Niliuza helmeti. Niliuza viatu. Nilijiambia kuna watu hawakuumbiwa kitu, na wanafaa kukubali."

Wambua alikuwa amekuja tayari kwa bega. Njia nzima alikuwa amejiandalia hilo bega, jinsi angeliomba radhi, jinsi angekuja msimu wa kuvuna abebe kreti ambazo Mwau hangeweza tena kubeba. Hili jingine hakuwa amelibeba. Aliona mwaka mzima wa kijana akishika breki hewani kati ya mistari ya nyanya, akitafuta kosa ambalo halikuwa lake. Yeye mwenyewe alikuwa nalo kibandani Gitothua, umbali wa kutembea.

Alipiga magoti kwenye udongo ili nyuso zao ziwe sawa.

"Mkono wako haukukosea," alisema. "Sikiza vizuri. Hakuna mkono ungeishikilia fremu ile. Mtu yeyote angeanguka."

Mwau aligeuza uso upande wa bwawa. Mabega yake, lile lililo juu na lile lililo chini, yalikuwa yakitikisika. Alisema kitu, kwa sauti ya chini, akiwa ametazama kule.

Wambua aliona shavu likisogea. Desturi yake ya miaka miwili ilikuwa kutikisa kichwa na kungoja mazungumzo yampite. Akakizuia kichwa chake kisitikisike.

"Sijakusikia, mwanangu," alisema. "Rudia."

Mwau alimgeukia, macho mekundu, akamtazama moja kwa moja, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa shamba:

"Nimesema, ungeniambia."

"Ndiyo," Wambua alisema. "Ilifaa nikuambie."

Wakabaki hapo chini, kila mmoja kwenye mstari wake wa nyanya, mpaka kivuli chenyewe kilipowafikia.